Jino Kunyamaza Siyo Kupona

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Nadhani walitegemea nitazungumzia utumishi serikalini. Hilo mtalisikia kwa wengine waliopanda ngazi kunizidi. Mimi nimechagua kuzungumza juu ya meno. Si daktari, ni mtu wa mafaili; lakini kwa miaka mingi kazi imenizungusha vijijini, tangu Bukoba hadi Muleba na visiwa vyake, na karibu kila nilikolala nimewakuta watu wakibishana jambo lile lile: jino likioza, mtu aende kwa mganga wa miti shamba au aende hospitali? Siku hizi ubishi huo umeota mguu wa tatu. Vijana wenye simu wanasema kwamba hata ukifika hospitali usikubali kuzibwa mzizi, maana jino lililozibwa mzizi eti huleta saratani na ugonjwa wa moyo.

Kabla ya kuamua nani ana haki, yafaa tujue jino lenyewe linavyokufa. Jino ni kama nyumba yenye ukuta mgumu na chumba kimoja tu ndani. Katika chumba hicho mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu, ambayo hupita katika vijia vyembamba vya mizizi hadi kwenye taya. Vijidudu vya kinywani hula sukari tunayokula sisi, hutoa asidi, na asidi hiyo hutoboa ukuta. Siku tundu likifika chumbani, kiini huvimba. Kidole kikivimba kina nafasi ya kutanuka. Kiini cha jino hakina pa kwenda, kwa kuwa kimezungukwa na ukuta. Ndiyo maana maumivu yake humtoa machozi mtu mzima saa nane za usiku.

Sasa sikilizeni kwa makini, hasa ninyi wa mabwenini. Baada ya siku kadhaa za mateso hayo, kiini hufa. Kikifa, neva nayo imekufa, na jino linanyamaza. Mgonjwa analala usingizi mzito, asubuhi anasema amepona. Dawa yoyote aliyokuwa akiitumia juma lile, iwe majani ya mti, iwe enkonyagi ya kusukutulia, iwe maji ya betri (naam, wapo wanaotia maji ya betri kinywani), ndiyo itakayopewa sifa. Mganga si lazima awe mwongo. Ameona kwa macho yake watu mia wakija wakilia na kuondoka wakicheka. Lakini ndani ya jino lile kimebaki kitu kilichooza, na hakuna damu inayofika pale kukisafisha. Uozo hushuka kwenye ncha ya mzizi na kutengeneza usaha ndani ya mfupa, pole pole, pengine kwa miezi au hata miaka, bila mwenye jino kujua.

Wengi wenu mmewahi kuona au kusikia habari ya kufukiza jino kwa moshi wa mbegu za ndulele, na wadudu weupe wakaonekana wamedondoka. Ulaya nako walifanya vile vile kwa mbegu za mmea mwingine, na "wadudu" wale walikuwa ni viini vya mbegu zenyewe vilivyopasuka kwa moto. Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye huitwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa, aliandika mwaka 1728 kwamba aliwatafuta wadudu hao asiwaone. Sisi bado tunasema "jino limeliwa na mdudu", na si kosa kubwa, mradi tujue kwamba mdudu mwenyewe haonekani kwa macho na wala hatoki kwa moshi.

Mtoto wa shangazi yangu alikuwa mvuvi wa dagaa kisiwani Goziba. Wanaoijua Goziba wanajua ilivyo mbali na nchi kavu ya Muleba. Jino lake la nyuma, upande wa chini, lilimtesa siku tano. Akapewa dawa ya mizizi, maumivu yakakoma, akamlipa mganga jogoo na kumsifu kila mwalo alikopita. Miezi mitatu baadaye shingo ilianza kuvimba chini ya kidevu. Siku ya kwanza alisema ni baridi ya ziwani. Siku ya pili hakuweza kufungua kinywa wala kumeza mate, na ziwa lilikuwa limechafuka, mtumbwi hautoki. Alifikishwa hospitali usiku wa siku ya tatu, ulimi umeinuliwa na uvimbe hadi hewa haipiti. Asubuhi tulikwenda kumchukua. Alikuwa na miaka 31 na watoto wawili.

Ugonjwa huo unajulikana. Mjerumani Wilhelm von Ludwig aliueleza mwaka 1836, na kabla ya kupatikana kwa dawa za kuua bakteria uliwaua zaidi ya nusu ya walioupata. Chanzo chake mara nyingi ni jino la chini la nyuma. Kijana yeyote humu akiona uvimbe chini ya taya, pamoja na homa, au akishindwa kufungua kinywa au kumeza, asisubiri Jumatatu. Amwamshe mwalimu wa zamu hata kama ni usiku wa manane, na mwalimu atafute gari.

Lakini msidhani nawasema waganga peke yao. Sisi wa mjini tuna miti shamba yetu: vidonge vya rangi mbili. Jino likiuma tunakwenda duka la dawa, tunanunua vidonge sita badala ya dozi nzima, uvimbe unapungua, tunasema tumepona. Ni kosa lile lile lililovaa suti. Dawa husafiri katika damu. Chumba cha jino lililokufa hakina damu. Vidonge huweza kuzuia usaha usienee mwilini, na huo ni msaada mkubwa kwa aliyekwisha vimba, lakini chanzo kinabaki palepale. Jino likishakufa njia ni mbili tu: kutoa uozo uliomo ndani ya jino, au kutoa jino lenyewe.

Kutoa uozo ndiko kunakoitwa kuziba mzizi, ingawa mitaani husemwa "kuua neva". Daktari hupiga sindano ya ganzi, hutoboa jino, huingiza visindano vyembamba mno hadi karibu na ncha ya mzizi, hukwangua na kuosha. Maji anayooshea ni ya jamii moja na Jiki tunayofulia mashuka. Halafu hujaza vijia hivyo kwa gatapacha, ambayo ni utomvu wa mti wa nchi za Malaysia na Indonesia, utomvu ule ule uliofunika nyaya za simu za chini ya bahari katika karne ya 19. Na saruji ambayo madaktari wengi wamekuwa wakiishikishia gatapacha hiyo huchanganywa na mafuta ya karafuu, zao la Unguja na Pemba. Kwa hiyo bibi anayeweka karafuu kwenye jino la mjukuu hakubahatisha. Karafuu hutuliza maumivu kweli kweli. Tatizo ni kwamba anaiweka mlangoni wakati maiti yuko chumbani.

Ndipo nafika kwa hawa wenye simu. Habari ya kwamba kuziba mzizi kunaleta maradhi ya mwili mzima si ngeni. Ilienezwa sana na daktari wa meno wa Marekani, Weston Price, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1923. Alikuwa akichukua meno yaliyong'olewa kwa wagonjwa na kuyapandikiza chini ya ngozi ya sungura. Sungura wakiugua, alisema sumu imetoka kwenye jino. Wengine waliporudia majaribio kwa usafi zaidi hawakupata matokeo yake, na kufikia miaka ya 1950 nadharia hiyo ilikuwa imeachwa, baada ya watu wengi kung'olewa meno ambayo yangeweza kuokolewa. Leo imefufuka kwa njia ya video. Filamu moja ya aina hiyo iliondolewa Netflix mapema mwaka 2019 baada ya vyama vya madaktari wa meno vya Marekani kuipinga. Sasa mtu wa Kamachumu anairushiwa kwenye simu, na hajui kwamba mabishano hayo yana umri wa miaka 100.

Hata hivyo Price huyo huyo alifika Afrika Mashariki mwaka 1935, akapita Kenya, Uganda na Kongo akitazama vinywa vya watu. Aliwasifu waliokula vyakula vyao vya asili kwa kuwa na meno mazima. Hapo nadhani jicho lake lilikuwa zuri. Ndizi, maharage na samaki havikuwahi kutuozesha meno kama soda na biskuti zinazouzwa nje ya geti letu.

Kuna tiba nyingine ambayo siwezi kuistahi hata kidogo, nayo ni ya kung'oa "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, huambiwa ana meno mabaya. Ufizi wake hupasuliwa na chipukizi la chonge hutolewa. Jirani zetu wa Uganda huyaita ebiino. Kinachotolewa ni jino halali la mtoto ambalo halijaota, na kuhara kwake hakuponi. Kwa kifaa ambacho hakikuchemshwa! Na huu ndio mkoa ulioripoti wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983. Sisi hatuhitaji kufundishwa damu ya mtu ni kitu gani. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 inatambua tiba asili na tiba mbadala, nami naiunga mkono, ila kutambua mganga si kumpa mtu ruhusa ya kupasua watoto.

Tuje kwenye fedha, maana ndiyo inayoamua. Kuziba mzizi kunataka picha ya eksirei, daktari mwenye vifaa, na pengine kurudi mara mbili au tatu. Jino la mbele lina mzizi mmoja. Gego lina vijia vitatu au vinne, na likishazibwa mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia lisije likapasuka. Kwa maoni yangu, jino la mbele la kijana wa miaka 16 lipiganiwe kwa kila njia, hata ikibidi kuvuka ziwa kwenda Mwanza. Gego la mwisho la mzee wa Nshamba mwenye watoto wanaodaiwa ada, basi ling'olewe kwa ganzi na vifaa safi, wala asione haya. Kung'oa ni tiba kamili.

Lakini lipo jambo la bei nafuu kuliko yote mawili, na lilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kuziba meno yaliyotoboka bila mashine wala umeme: tundu lilikwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha likajazwa saruji. Njia hiyo ilikwenda Zimbabwe na Thailand, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Mwaka 2021 saruji inayotumika siku hizi, ambayo hutoa madini ya floridi kidogo kidogo, iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo. Inafaa kabla kiini hakijaguswa, yaani wakati jino linashtuka kwa maji baridi na mwenyewe anajifanya hasikii.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi. Najua ajenda ya mchana ni basi la shule, na mchango wangu wa basi nimekwisha utoa. Naomba iongezwe hoja moja kabla ya hesabu hazijafungwa: chama chetu kimlipie tabibu wa meno nauli na posho, pamoja na saruji na vifaa, aje hapa mara mbili kwa mwaka awakague wanafunzi wote, akianza na kidato cha kwanza. Chumba cha maabara ya zamani kinatosha. Kinachotakiwa ni meza ndefu, mwanga wa dirisha na maji yaliyochemshwa. Makadirio nimemkabidhi Katibu, ukurasa mmoja, na niko tayari kuulizwa.