Deni la Mtumishi na Siri za Serikali



Nimetakiwa nizungumze juu ya deni la mtu binafsi na uaminifu wake kwa Serikali. Nitauchukua mfano wa Marekani. Siihusudu nchi hiyo, lakini huko jambo hili limeandikwa waziwazi katika kanuni ambazo mtu yeyote aweza kuzisoma.

Mtumishi wa huko hakabidhiwi jalada la siri mpaka maisha yake yapekuliwe na apewe kibali. Fomu anayoijaza humtaka aeleze, pamoja na mengine mengi, kila deni lililopitisha siku 120 bila kulipwa katika miaka 7 iliyopita. Mwongozo wa kutoa vibali, uliopo tangu mwaka 2017, una vifungu 13, na kimoja kizima kinahusu fedha. Wala mtumishi hawezi kudai kibali kuwa ni haki yake. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikwisha kulisema hilo mwaka 1988. Penye shaka, usalama wa taifa hutangulizwa.

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1967 askari mmoja wa Jeshi la Majini, John Walker, ambaye biashara yake ya baa ilikuwa imemtumbukiza katika madeni, aliingia katika ubalozi wa Urusi ya Kisovieti mjini Washington akauza siri za mawasiliano ya jeshi lake. Hakukamatwa hadi mwaka 1985. Mwaka huo huo Aldrich Ames, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA, aliyebanwa na gharama za talaka na matumizi ya nyumba mpya, alifuata njia ile ile, na malipo yake ya kwanza yakawa dola 50,000. Watu wasiopungua 10 waliokuwa wakiwapelekea Wamarekani habari waliuawa kwa sababu yake. Baadaye alinunua nyumba ya zaidi ya dola 500,000 kwa fedha taslimu, akaendesha gari la fahari la Jaguar, na wenzake ofisini wakayaona hayo kwa macho yao. Alikamatwa Februari 1994. Ndiyo maana kifungu kile cha fedha humtilia shaka pia mtu aliyetajirika ghafla bila maelezo.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusidhani kwamba kila mwenye deni hufukuzwa. Mwongozo unauliza deni limetokana na nini. Aliyepoteza kazi, aliyeuguliwa, aliyefiwa au aliyeachana na mwenzi wake husikilizwa, mradi aonyeshe kwamba hakukaa kimya: aliwaendea wanaomdai, akapanga namna ya kulipa, na stakabadhi anazo. Mwenye deni kubwa anayelipa kidogo kidogo aweza kupewa kibali, na mwenye deni dogo alilolipuuza kwa miaka akanyimwa. Anayeficha ndiye huangamia kabisa. Deni lililotajwa katika fomu halimpi jasusi kitu cha kumtishia mtu, lililofichwa humpa. Fauka ya hayo, kusema uongo katika fomu ile ni kosa la jinai.

Sasa tujitazame wenyewe. Hapa Tanzania tunayo kanuni kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Ni kanuni ya huruma, lakini huona tu yale yaliyoandikwa katika karatasi ya mshahara. Haiioni mikopo ile ambayo wananchi wameibatiza jina la kausha damu, wala haimwoni mwalimu aliyemwachia mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, akawa kila mwisho wa mwezi anangojea kumegewa mshahara wake mwenyewe. Mwalimu huyo huyo aweza kukabidhiwa bahasha za mtihani wa taifa. Karani mwenye dhiki kama yake aweza kuwa ndiye mshika funguo za masijala. Simwiti mwizi hata mmoja wao. Wengi wamekopa kwa ajili ya ada na matibabu. Lakini yuko mtu mmoja anayeijua dhiki yao kuliko mkuu wao wa kazi, naye ni yule anayewadai.

Kwa maoni yangu, lawama si ya mdaiwa peke yake. Mkuu wa kazi anayewacheka wadaiwa mbele ya wenzao anawafundisha wote kuficha. Ningependa kila ofisi na kila shule iwe na mtu mmoja, mwenye kutunza siri, ambaye mtumishi aweza kumweleza deni lake mapema bila kuhofia cheo, wakakaa pamoja kupanga malipo. Na kwa muda ule apumzishwe kushika bahasha na funguo, kisha arudishiwe deni likiisha.