Kwaya Ikikatazwa Kukutana



Leo tuongee kuhusu kuimba. Ndiyo, kuimba! Najua wengi wenu mko kwenye kwaya, wengine ngoma, wengine maigizo. Hebu jiulize: ukizuka ugonjwa unaotukataza kukusanyika, kikundi chako kitafanya nini? Kitavunjika?

Mwaka 2020 wengi wenu mlikuwa bado shule ya msingi. Bila shaka mnakumbuka wakati wa korona. Basi sikilizeni kisa hiki cha kweli kutoka Marekani.

Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ya watu wa kawaida tu, iitwayo Skagit Valley Chorale, ilifanya mazoezi katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington. Walikuwa watu 61. Walijitahidi kujikinga: dawa ya kusafisha mikono ilikuwepo na hawakukumbatiana. Lakini mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Wakaimba ndani kwa saa mbili na nusu, viti vikiwa karibu karibu. Matokeo yake? Watu 53 waliugua, kumhesabu na yule wa kwanza. Wawili wakafariki.

Unaona? Hawakuwa wazembe. Shida ni kwamba ukiimba kwa nguvu unatoa chembechembe ndogo sana za mate, ndogo kuliko unavyoweza kuziona. Ndani ya chumba zinaelea hewani, na jirani yako anazivuta. Kunawa mikono ni kuzuri, lakini hakusafishi hewa.

Baada ya hapo kwaya nyingi duniani zilisimamisha mazoezi. Utasema, "Si wangeimba tu kwa Zoom?" Walijaribu, wakakwama. Sauti ikipita kwenye intaneti inachelewa kidogo. Kwa maongezi si neno, lakini kwa wimbo hata sehemu ya kumi ya sekunde inavuruga kila kitu. Wewe uko kwenye kiitikio, mwenzako bado yuko nyuma!

Ndipo watu wakaumiza vichwa. Baadhi ya waimbaji walikaa kila mmoja ndani ya gari lake, madirisha yamefungwa, kipaza sauti mkononi. Sauti zote zikachanganywa na kurushwa kwa FM, wakasikilizana kupitia redio za magari.

Mtunzi Eric Whitacre wa Marekani alitumia njia aliyoianza tangu 2010. Kila mtu anasikiliza muziki kwa spika za masikioni, anajirekodi peke yake kwa simu, kisha anatuma. Mafundi wanaziunganisha sauti zote. Julai 2020 walitoa wimbo wa watu 17,572 kutoka nchi 129. Bomba, siyo?

Lakini tusidanganyane. Unapojirekodi chumbani humsikii jirani yako akikubeba pale unapokosea. Na yule asiye na simu je? Mwaka 2020 mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNICEF na ITU, yalieleza kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 17 duniani hawakuwa na intaneti nyumbani. Hao ni kama bilioni 1.3. Pengine mmoja wao ni wewe, au yule anayeimba besi nyuma yako.

Kwa hiyo kiongozi wa klabu, kabla hujauliza "tutumie programu gani?", uliza "nani atabaki nje?" Andika majina. Asiye na simu apewe maneno ya wimbo kwenye karatasi, au ajirekodi kwa simu ya mwenzake anayeishi jirani, wakikaa nje. Anayekosa pesa ya bando apigiwe simu ya nyumbani, hata dakika mbili tu za kumjulia hali. Upweke nao unaumiza. Kuna vijana ambao kwaya ndiyo sehemu pekee wanapocheka kwa wiki nzima.

Na mambo mengine matatu ya kushika. Kwanza, mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani, hata kama ndiye sauti ya kwanza. Msimcheke, mshukuruni. Pili, mkiweza fanyeni mazoezi chini ya mti. Mvua ikiwarudisha ndani, fungueni madirisha na mfupishe muda. Tatu, usirushe mtandaoni picha au sauti ya mwenzako bila ruhusa yake. Ikishatoka, kuirudisha ni kazi.

Msingoje ugonjwa uje ndipo muanze kuhangaika. Wiki hii, mkimaliza mazoezi, kaeni dakika kumi mjiulize: tukifungiwa kesho, nani tutampoteza kwanza? Halafu mpangeni mtampataje.

Nendeni mkaimbe, na madirisha yawe wazi!