Kesho Inshaallah: Ugonjwa wa Kuahirisha



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu yangu msomaji, na wewe dada yangu, maneno haya yalisemwa mbele ya vijana baada ya tarawehe, na hapa yameandikwa karibu vile vile yalivyosemwa. Mada ni kuahirisha mambo.

Waarabu wana neno lake: taswif. Limetokana na "saufa", yaani "nita". Hebu sikiliza mazungumzo yetu barazani, hiyo "nita" ndiyo imejaa. Nikimaliza shule nitaanza kuswali sawasawa. Nikipata kazi nitamrudishia fulani pesa zake. Nikiolewa nitavaa hijabu. Tena juu yake tunatia Inshaallah, na hapo ndipo mwenzako anajua kabisa kwamba jambo halifanyiki! Subhanallah. Neno ambalo Suratul Kahf imetufundisha tuliseme kwa unyenyekevu tunapotaja jambo la kesho, sisi tumeligeuza likawa njia ya adabu ya kusema hapana.

Watu hudhani anayeahirisha ni mvivu. Si lazima. Mvivu hana haja na kazi. Huyu anaitaka, anaipanga, wakati mwingine inamkosesha usingizi, na bado haifanyi. Ukitaka kumjua vizuri, msikilize Kaab bin Malik (R.A.).

Mwaka wa 9 Hijria (630), Mtume (S.A.W.) alitangaza safari ya Tabuk. Kwa kawaida akienda vitani alikuwa haweki wazi aendako, lakini safari hii ilikuwa ya mbali na joto lilikuwa kali, kwa hivyo aliwaambia watu wazi ili wajitayarishe. Kaab hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa Ansari, mshairi, miongoni mwa waliotoa ahadi ya Aqaba. Katika hadithi ndefu iliyopokewa na Bukhari na Muslim, anasimulia kwamba hajapata kuwa na nguvu wala mali kama wakati ule. Alikuwa na vipando viwili, na kabla ya hapo hakuwahi kuwa navyo viwili. Na Madina matunda yameiva, kivuli ni kitamu.

Basi kila asubuhi alitoka aende akajitayarishe na wenzake, akarudi hakufanya kitu. Moyoni anajiambia kwamba anaweza, wakati wowote akitaka. Kesho yake vile vile. Jeshi likaondoka. Akasema atajitayarisha siku moja au mbili kisha awafuate. Akatoka, akarudi, hakufanya kitu. Mpaka wakawa mbali hawashikiki, na akitembea mjini haoni waliobaki ila watu wanaojulikana kwa unafiki na wanyonge wenye udhuru.

Angalia hapo vizuri. Kilichomponza Kaab si umasikini wala kukosa imani. Ni ile kujua kwamba anaweza! Mwenye kipando kibovu angeanza kukishughulikia siku ya kwanza. Ndiyo maana ugonjwa huu unatupenda sana sisi vijana: tuna afya, tuna muda, na hakuna siku inayoonekana kuwa ya mwisho.

Mtume (S.A.W.) aliporudi, watu 80 na zaidi walikwenda kwake na visingizio vyao, wakaapa. Kaab alikuwa na ulimi wa kujitetea kuliko wengi, lakini alisema kweli: hakuwa na udhuru wowote. Yeye na wenzake wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, wakasuswa na watu siku 50. Anatoa salamu, hajibiwi. Siku ya 40 wakaambiwa wajitenge na wake zao. Kisha ndipo toba yao ikateremka, imo katika Suratut Tawba aya ya 118. Kaab aliendelea kuisimulia habari hii mpaka uzeeni, macho yameondoka, mwanawe ndiye anayemshika mkono.

Haya, tuje kwetu. Dada yangu, siku ulizokula Ramadhani iliyopita umezilipa? Bi Aisha (R.A.) alisema kuwa alikuwa na deni la saumu na hawezi kulilipa ila katika Shaaban, kwa hivyo kuchelewesha mpaka hapo kuna ruhusa. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku tunafuata, ukiingiwa na Ramadhani nyingine bila udhuru, utalipa siku zako na juu yake kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Siku 7 ndani ya miezi 11 ni nini? Shida ni ule mwezi wa kwanza, tunapoona miezi 11 ni mingi.

Au chukua khatma. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ukisoma kurasa 4 baada ya kila swala ya faradhi, unapata 20 kwa siku, ambazo ni juzuu moja. Ukingoja kumi la pili, zinakuwa 30 kwa siku. Ukingoja kumi la mwisho, ni 60, na hapo hapo kuna mikesha na nguo za Idi. Kumbe dawa ni hiyo ya kufunga jambo kwenye swala, maana swala haingojei mtu ajisikie. Usiseme "nitaanza kuhifadhi". Sema "aya tatu, leo, baada ya alfajiri." Na deni la mtu, kama huna zote, peleka ulizo nazo leo, na umwambie kweli kuhusu zilizobaki. Hili la kusema kweli ni gumu, najua, maana mara nyingi tunachokimbia si ile kazi bali ile aibu ya kuchelewa, na kila siku inayopita aibu inazidi.

Zakatul fitr nayo ina saa yake. Ikitoka baada ya swala ya Idi, inahesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Mwenye mchele wake apime mapema, kwani vijana wanaokusanya msikitini nao wanahitaji muda wa kuzifikia nyumba za watu kabla ya takbira za asubuhi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.