Pumziko la Mtumwa: Raha na Upole katika Imani ya Kikristo, kwa Kuitazama Pwani ya Lamu

Katika Biblia, pumziko huanza kama amri. Faraja huja baadaye. Kitabu cha Kutoka kinaijenga Sabato juu ya uumbaji: Mungu alimaliza kazi yake akapumzika. Kumbukumbu la Torati kinaleta sababu nyingine, na kwa pwani ya Afrika Mashariki hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi. Waisraeli walikuwa watumwa Misri, basi wasimnyime mtumwa wao siku ya kuvuta pumzi. Wanaopumzishwa wanatajwa mmoja mmoja: mtumwa wa kiume na wa kike, mgeni akaaye mjini, ng'ombe, punda. Anayeamriwa ni mwenye nyumba, na wanaofaidika ni wale wasio na kauli katika nyumba hiyo. Upole na pumziko vimefungwa pamoja tangu hapo, ingawa upole wenyewe bado haujatajwa.

Msomaji wa Wiyoni, mtaa wa mji wa Lamu ulio nje ya Mji Mkongwe, hana haja ya kufafanuliwa habari za punda. Mchanga, saruji na mawe ya ujenzi bado hupita vichochoroni juu ya mgongo wake. Shogi la punda likikaa upande, kamba hukata ngozi na kidonda huingia nzi. Likikaa sawasawa, mzigo uleule hufika bila jeraha. Mwaliko wa Yesu kwa waliochoka na kulemewa, katika sura ya 11 ya Injili ya Mathayo, unasema juu ya nira, chombo cha ng'ombe wa kulima, lakini maana yake ni hiyohiyo. Hakuna ahadi kwamba mzigo utaondolewa wote. Kinachoahidiwa ni chombo kinachomkaa mbebaji vizuri. Justin Shahidi, aliyeandika katikati ya karne ya 2, anamtaja Yesu kuwa fundi aliyetengeneza plau na nira, na habari hiyo, iwe imetoka wapi, inauelewesha mwaliko kuliko maelezo mengi ya wanatheolojia.

Katika mwaliko huohuo Yesu anajieleza kuwa mpole na mnyenyekevu, na anawataka wasikilizaji wajifunze kwake. Kujitwika kunatangulia, kujifunza kunafuata, na utulivu wa nafsi ndio mwisho wa safari. Mara baada ya hapo, sura ya 12, wanafunzi wenye njaa wanavunja masuke siku ya Sabato, na mtu mwenye mkono uliopooza anaponywa mbele ya wanaolaumu. Si rahisi kuamini kwamba Mathayo aliyaweka hayo kando kwa kando bila kukusudia. Pumziko lililogeuzwa kuwa kamba ya kuwabana wenye njaa limekwisha kupoteza upole, na Sabato ya namna hiyo haipumzishi mtu. Wala upole si unyonge: kitabu cha Hesabu kinamwita Musa mpole kuliko watu wote, naye ndiye aliyesimama mbele ya Farao.

Pwani ya Kenya iliyapima mafundisho haya kwa watu waliokuwa watumwa kweli. Katika karne ya 19 mashamba ya bara mkabala wa Lamu yalilimwa na watumwa, na watoro walikimbilia maeneo ya Witu. Upande wa Mombasa, Shirika la Misheni la Kanisa la Uingereza lilianzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Rabai nako watoro wakamiminika. Fuladoyo palikuwa makazi ya watoro yenye uongozi wa Wakristo Waafrika. David Koi, mmoja wa viongozi wake, aliuawa mwaka 1883. Lamu yenyewe ilifikiwa na Misheni ya Neukirchen ya Ujerumani mwaka 1887, na kutoka hapo wamisionari wakaenda Ngao, kwa Wapokomo wa Mto Tana. Siku ya kwanza ya mwaka 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki aligawa hati za uhuru Rabai baada ya kuwalipa mabwana fidia. Watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni walikombolewa kwa mpango huo. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani hii hadi mwaka 1907.

Kwa watu hao, Jumapili haikuwa jambo la moyoni tu. Ilikuwa siku ambayo hakuna mtu aliyeweza kuwaita shambani. Hata hivyo misheni iliyohubiri pumziko haikuwa na upole kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 usimamizi wa Freretown ulishutumiwa kwa kuwachapa wakazi viboko, na shutuma hizo zilifika hadi Uingereza. Historia za kanisa hupenda kulipitia jambo hili haraka, lakini lina funzo kubwa: mtu anaweza kumtoa mwenzake utumwani na bado asijifunze kumsemesha kama ndugu.

Funzo hilo lilipata shule yake baadaye, na halikutoka kwa maaskofu. Mwaka 1929 Joe Church, daktari wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda, na wakaomba pamoja. Gahini wakati huo palikuwa na uhasama kati ya Wazungu na wafanyakazi Waafrika. Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali hiyo, alipomwendea Nsibambi na manung'uniko ya kazini, aliulizwa habari za dhambi yake mwenyewe. Alirudi Gahini mtu mwingine. Kutoka hapo mwamko wa Kikristo ulioitwa uamsho ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na salamu ya "Bwana asifiwe" ikazagaa.

Uamsho uliufanya upole kuwa zoezi, ukaacha kuusubiri kama tabia ya kuzaliwa nayo. Ndugu walikutana kila juma, wakaungama kwa kutaja jambo lenyewe: deni lisilolipwa, neno la dharau, wivu. Wazungu waliwaungamia Waafrika hadharani, jambo lisilozoeleka katika makoloni. Waliokuwamo waliita hali hiyo kutembea nuruni, na raha waliyoisimulia ni ya mtu aliyeacha kujitetea. Zoezi hilo lilikuwa na kasoro zake. Ushuhuda uliweza kugeuka mashindano, na asiyeungama akatazamwa kwa jicho baya. Lakini vita vya Mau Mau vya miaka ya 1950 nchini Kenya vilionyesha kina chake. Wanauamsho wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji wa msituni, na baadhi yao wakakataa pia bunduki za serikali. Baadhi waliuawa.

Uganda ilitoa mfano mwingine. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, na Askofu Festo Kivengere, mtoto wa uamsho, akakimbilia uhamishoni. Mwaka huohuo alitoa kitabu kilichotangaza kwenye jalada lake upendo kwa Idi Amin. Kivengere hakuyanyamazia mauaji, aliyataja waziwazi. Alichokataa ni chuki.

Lamu ya leo ina mtihani wake. Wakristo ni wachache katika mji huu, na juma linaongozwa na Ijumaa. Jirani zao Waislamu wana mfano wao wa upole: Habib Swaleh, mwanachuoni wa Msikiti wa Riyadha, anayekumbukwa kwa kuwafungulia darasa watu wa tabaka la chini na wenye asili ya utumwa. Juni 2014 wavamizi waliua watu wapatao 60 Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu, na vijiji vya karibu, wengi wao wakiwa wanaume Wakristo. Baada ya hapo, kumwomba Mkristo wa Lamu awe mpole kwa jirani yake ni kumwomba jambo gumu, na hakuna mafundisho yanayolifanya jepesi. Desturi ya uamsho inampa njia ndogo tu: aseme machungu yake mbele ya wenzake yakiwa na jina, asiyaache yakageuka tuhuma juu ya mtaa mzima.

Na iko njia iliyo karibu zaidi, ile ya Kumbukumbu la Torati. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Msichana wa kazi katika nyumba ya Mkristo ana haki ya siku hiyo, awe anasali Ijumaa au Jumapili, na mwenye nyumba anapaswa kumuuliza ni ipi.