Kiingereza cha mauzo na wateja: maneno machache yanayogharimu shilingi

Maandishi ya mazungumzo kwa wafanyabiashara wadogo na wa kadiri



Biashara nyingi katika kaunti hii huendeshwa kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi kufunga. Muuzaji hupima unga kwa Kiswahili, hudai deni kwa Kiswahili, hupatana bei na mwenye lori kwa Kiswahili. Kiingereza humjia siku ya fomu ya mkopo, siku ya zabuni, au siku ya kujaza ritani ya KRA. Anaulizwa habari za wateja na mauzo yake mwenyewe, mambo anayoyajua kuliko yeyote aliyeketi upande wa pili wa meza, lakini anaulizwa kwa maneno ambayo hakuyazoea.

La kwanza ni "turnover", na ndilo ghali kuliko yote. Maana yake ni mauzo yote, kabla ya kutoa bei ya kununulia bidhaa, kodi ya chumba, mshahara wa kijana wa dukani na stima. Kinachobaki baada ya kutoa hayo ni "profit", yaani faida. Chukua mfano wa duka linalouza bidhaa za shilingi 200,000 kwa mwezi na kubakiwa na 24,000. Mwenye duka akiandika 24,000 penye "turnover", amejifanya mdogo mbele ya benki na atapewa mkopo wa mtu mdogo. Akiandika 200,000 penye "profit", ameahidi kulipa kwa pesa asizokuwa nazo, na malipo ya kila mwezi yatamkaba.

Kosa hilo huuma pia upande wa ushuru. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo kwa biashara zinazouza zaidi ya shilingi milioni 1 lakini zisizozidi milioni 25 kwa mwaka ni asilimia 3 ya mauzo ghafi. Ni ya mauzo, si ya faida. Duka hilo la mfano linadaiwa shilingi 6,000 kwa mwezi, robo nzima ya faida yake. Mwenye duka aliyedhani kwamba ni asilimia 3 ya faida amekuwa akiweka kando shilingi 720 tu. Deni linaloota hapo halikutokana na ukaidi. Limetokana na neno moja.

Kuna vineno viwili vidogo zaidi vya kuangaliwa: "by" na "to". Kiswahili hutenganisha mambo haya vizuri kabisa. Wateja wakiongezeka kwa 50, hao ni wapya 50 juu ya waliokuwapo. Wakiongezeka hadi 50, jumla yao sasa ni 50. Kwa Kiingereza, "kwa" hiyo ni "by" na "hadi" ni "to". Mwenye kinyozi aliyekuwa na wateja 40 kwa wiki na sasa ana 50 anasema "increased to 50", au "increased by 10". Akisema "increased by 50", amedai kwamba ana wateja 90, na afisa wa mikopo akiomba taarifa ya till ataona ni uongo. Mtu amekosa herufi mbili, naye anaonekana tapeli.

Asilimia nazo zina mtego wa namna hiyo. Mnamo Desemba 2023 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5. Wengi walisema riba imepanda kwa asilimia 2. Ilipanda kwa pointi 2 za asilimia, ambazo Kiingereza huziita "percentage points". Ukipima ongezeko hilo dhidi ya ile 10.5 iliyokuwapo, ni asilimia 19 hivi. Mkopaji anayesikia "2" na mkopaji anayesikia "19" hawajiandai kwa namna moja, ingawa habari ni ile ile.

Sasa neno "trend". Hili limeingia hata mitandaoni, ambako hutumika kwa kitu chochote kilichovuma tangu jana. Katika hesabu za biashara si hivyo. "Trend" ni mwelekeo wa muda, na siku moja nzuri haina mwelekeo. Siku hiyo moja huitwa "spike", mpando wa ghafla unaorudi chini haraka. Duka la sare likiuza sana wiki ya kufungua shule Januari, hiyo ni "spike". Likiuza zaidi kila Januari kwa miaka minne mfululizo, hapo kuna "trend".

Kwa hiyo wakopeshaji hupenda kulinganisha mwezi na mwezi huo huo wa mwaka uliotangulia, jambo wanaloliita "year on year". Ukilinganisha Januari na Desemba, kila duka litaonekana linakufa. Lakini hata kipimo hicho hudanganya, na wafanyabiashara wa Pwani wanapaswa kukijua kuliko mabenki. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Ramadhani husogea. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya mfungo ilikuwa Aprili. Mwaka 2025 karibu wote ulikuwa Machi. Muuza tende anayelinganisha Aprili na Aprili ataona mauzo yameporomoka, na afisa ambaye hakufikiria ataandika "declining sales" kwenye faili, ilhali hakuna mteja hata mmoja aliyehama. Huyo muuza tende anahitaji sentensi moja tu ya Kiingereza: "Compare Ramadan with Ramadan." Afunge safari na daftari la mfungo wa mwaka jana na wa mwaka huu, ayaweke mezani kwa pamoja.

Kushuka nako kuna aina zake. Takwimu za KNBS zilionyesha mfumuko wa bei wa asilimia 9.6 mnamo Oktoba 2022, na asilimia 2.7 mnamo Oktoba 2024. Mfumuko ulishuka, lakini bei kwa jumla hazikushuka. Ziliendelea kupanda, ila kwa mwendo wa pole. Mteja anayelalamika kwamba redio imesema bei zimeshuka na dukani hajaona ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo bila kufokewa. Vivyo hivyo, duka lililoongeza wateja 30 mwaka juzi na 10 mwaka jana halijapungukiwa na wateja. Kwa Kiingereza husemwa "growth slowed". Aliyeandika "customers fell" ameandika kitu kingine.

Halafu huyo mteja mwenyewe. Taarifa ya till huonyesha miamala, na miamala 300 si wateja 300. Jirani anayenunua maziwa asubuhi, mkate saa kumi na sukari jioni amehesabiwa mara tatu. Mteja anayerudi huitwa "repeat customer". Kiwango cha wateja wanaoacha kuja ni "churn", neno la ajabu kidogo, maana kitenzi chake ndicho kile cha kusukasuka maziwa. Kipimo hiki wenye duka wengi hawakiandiki popote, ingawa wanakihisi: "Yule mama wa nyumba ya ghorofa siku hizi simwoni." Ukiandika kila mwezi wateja wa kudumu walioacha kuja, hata kama ni wanne tu, utajua tatizo kabla mauzo hayajakuambia.

Wastani, "average", utumike kwa tahadhari. Wateja tisa wakinunua bidhaa za shilingi 100 kila mmoja, na wa kumi, mwenye hoteli, akanunua za 5,100, wastani ni shilingi 600. Katika hao kumi hakuna hata mmoja aliyetumia 600. Atakayeagiza bidhaa kwa kumlenga mteja wa shilingi 600 ataagizia mtu asiyekuwapo.

Limebaki neno ambalo halimo kwenye fomu za mkopo, nalo ni "consent", yaani ridhaa. Daftari la madeni lenye majina na nambari za simu ni data ya watu, hata kama limekunjamana na kuingia mafuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaligusa, na msingi wake ni kifungu cha 31 cha Katiba kuhusu faragha. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haidaiwi kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa zile za kazi zilizotajwa katika kanuni. Kutojisajili hakumwondoi mtu kwenye sheria yenyewe.

Kwa vitendo, nambari ya mteja iliyopatikana alipolipa soda haikupatikana ili atumiwe matangazo ya magodoro. Mwenye duka amwombe ruhusa kwanza, aandike tarehe aliyoruhusiwa, na kila ujumbe wa tangazo uwe na njia rahisi ya mteja kusema asitumiwe tena. Kubandika ukutani orodha ya wadeni pamoja na nambari zao, desturi ambayo bado ipo katika masoko kadhaa, ni kujitafutia malalamiko. Mdeni aliyeanikwa hivyo anaweza kupeleka shauri lake kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na deni analodaiwa halimzuii kufanya hivyo.