Pikapu ya Kikundi: Vifaa vya Kiwandani au vya Kuongeza?

(Maongezi na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja. Tukinunua pikapu ya kubeba maziwa na mboga, tuchukue fo-wili iliyotoka kiwandani tayari kwa barabara mbovu, ama tununue ile ya kawaida kwa bei nafuu, halafu fundi atuongezee vifaa? Swali ni la maana, maana pesa hizo si za mtu mmoja. Zimechangwa shilingi kwa shilingi.

Tuanze na kisa. Kikundi kimoja tunachokijua kilinunua pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Wakaweka tairi kubwa, wakainua springi, mbele wakafunga bampa la chuma. Gari likapendeza kweli! Mvua kubwa ilipokuja, likakwama kwenye tope na maziwa yakaharibika. Kwa nini? Gurudumu moja la nyuma likiteleza, difu ya kawaida huliacha lizunguke bure, na mwenzake aliye pakavu hasukumi. Bampa halisaidii hapo.

Basi sisi tunagawanya mambo mara mbili.

Kwanza, vitu vya tumboni. Fo-wili, gia nzito za kupandia mlima, na kifungo cha difu kinachofanya magurudumu mawili yazunguke pamoja. Hivi vinunuliwe vikiwa vya kiwandani. Pikapu kama Toyota Hilux na Isuzu D-Max huuzwa za aina zote mbili, fo-wili na zisizo fo-wili. Kuigeuza ya kawaida iwe fo-wili kunataka giaboksi nyingine, difu ya mbele na shafti zake. Ukijumlisha na kazi ya fundi, ile nafuu uliyoiona mwanzoni imekwisha. Rahisi ni ghali.

Pili, vitu vya nje. Tairi za matope, bamba la chuma la kukinga injini chini, kulabu za kuvutia, minyororo ya tairi, kamba na jembe. Hivi mnaweza kuongeza polepole kadiri mfuko unavyoruhusu. Fundi wetu wa jua kali anaweza nyingi ya kazi hizi, na pesa inabaki kijijini.

Lakini hata hapo, tahadhari. Tairi likizidi kipenyo kwa asilimia 10, mshale ukionyesha 80 gari linakimbia 88, na breki zinafanya kazi zaidi. Ukiinua gari sana, linapinduka upesi kwenye kona. Ukiongeza majani ya springi, gari halilali tena, na dereva anadhani linaweza kubeba zaidi. Ekseli, breki na chasisi ni zile zile! Uzito uliowekwa na kiwanda haubadiliki.

Tena, gari jipya lina dhamana ya kampuni. Sehemu iliyoharibika kwa sababu ya kifaa mlichoongeza, kampuni inaweza kuikataa. Na mkibadilisha jambo lililoandikwa kwenye logibuku, NTSA lazima ijulishwe. Kampuni ya bima nayo iambiwe. Msifiche, kwa maana siku ya ajali ndipo siri hutoka.

Je, kila kikundi kinahitaji fo-wili? Hapana. Inakunywa mafuta zaidi na spea zake ni nyingi. Kama barabara yenu imewekwa changarawe na mnakwama siku chache tu kwa mwaka, pikapu ya kawaida yenye tairi nzuri na minyororo inatosha.

Kabla ya kutoa pesa, jadilianeni haya mkutanoni:

1. Mwaka jana tulikwama siku ngapi, na tulipoteza kiasi gani?
2. Mzigo wetu wa kawaida ni kilo ngapi?
3. Fundi wa karibu anaijua gari hiyo? Spea zinapatikana?
4. Tukimaliza kununua, tumebakisha pesa za matengenezo?

Mwenye jibu asiwe mwenyekiti peke yake. Wale akina mama wanaosukuma gari kwenye tope waulizwe kwanza.