Juu ya wale wanaohama X



Wengi wenu munatuuliza: juu ya nini tungali kwenye X wakati watu wanahama? Ni swali la haki. Elon Musk alinunua Twitter Oktoba 2022, dola miliari 44. Novemba, karibu wafanyakazi wote wa ofisi ya Accra, ya kwanza Afrika, wakafukuzwa. Walikuwa wameingia mule siku chache tu. Alama ya bluu, ile iliyoonyesha kama mutu ni yeye kweli, ikawa ya kuuzwa, dola 8 kwa mwezi. Hapa kwetu uvumi moja unaweza kukimbiza mutaa muzima usiku.

Basi tuhamie Bluesky? Wamoja wetu wako kule tayari. Lakini mama muuzaji wa sokoni hayuko kule. Hata X hayuko, tusidanganyane. Yuko WhatsApp, siku ile mega ziko. Na WhatsApp nayo ni ya tajiri mwingine: Januari 2021 ilileta masharti mapya, watu wakakimbilia Signal na Telegram, tarehe ikasogezwa, masharti yakapita.

Tumekata hivi. Akaunti ya X inabaki, kwa waandishi wa habari na mabalozi. Alerte za mutaa zitapita kwanza kwa SMS na simu. Kila kikundi kiandike namba za watu wake kwenye daftari, juu tarehe 31 Desemba 2018 serikali ilikata intaneti karibu siku 20. Namba tu, bila majina: daftari nalo linaweza kushikwa.